Wahusika Wangu Wana Wazazi

Mhusika simpi jina mimi. Anapewa na baba yake, na bibi yake, na shangazi aliyekuwepo siku ya saba aliponyolewa nywele, na wote hao hawajui atakuja kuwa mtu wa namna gani. Hiyo ndiyo kanuni ninayoandikia hadithi hapa Mafia. Naishika kwa nguvu kwa sababu mapokeo niliyosomeshwa shuleni yanakwenda kinyume chake.

Tulianza na Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, ndugu mwema ni Adili, na hao nduguze ni Hasidi na Mwivu. Katika Kusadikika, mshtaki anaitwa Majivuno na mshtakiwa anaitwa Karama. Ukishayasikia majina umeshaisikia hukumu. Kwake yeye jambo hilo lina mahali pake, maana Kusadikika ni nchi inayoelea hewani, na watu wa nchi ya mfano wanaweza kuitwa kwa tabia zao. Lakini vijana huniletea miswada ambamo Bwana Tamaa anapanda boti Nyamisati, anashuka Kilindoni, anauziwa samaki na Mama Huruma. Nyamisati ni ya kweli, samaki ni wa kweli, watu ni wa karatasi. Sijapata kusikia mzazi aliyechinja mbuzi wa akika Kirongwe akamwita mwanawe Hasidi.

Watu wa hapa hutoa majina kwa kutazama siku, mwezi, mvua, zamu ya mtoto katika tumbo la mama yake, na yaliyoipata nyumba mwaka ule. Juma na Mwajuma wamekuja Ijumaa. Shabani, Rajabu na Ramadhani wamekuja na miezi yao. Chausiku amezaliwa usiku, Mwanamvua mvua ikinyesha. Pili amemfuata wa kwanza. Sikujua, Sikudhani, Mashaka, Shida na Tabu ni majina yenye kisa ndani yake, na kisa hicho ni cha wazazi. Mama aliyezika watoto wawili au watatu humpa anayefuata jina la kumdunisha ili kifo kisimtamani. Ndiyo maana Mtumwa na Kijakazi ni majina utakayoyakuta hata kwa wanawake waliozaliwa katika koo za waungwana.

Hapo ndipo utamu wa kazi yangu ulipo. Niliwahi kumwandika mwanamke aitwaye Tabu, mtulivu, mwenye minazi yake na dau lake, asiyepatwa na balaa lolote tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Wasomaji waliniuliza tabu yake iko wapi. Ilikuwa ya mama yake, aliyejifungua bila mkunga, mume yuko baharini. Binti alilibeba jina kama alivyobeba pua ya babu yake, akaishi maisha yake. Kati ya jina na mwenye jina pana nafasi, na mhusika huishi katika nafasi hiyo. Ukimwita Hasidi umeiziba.

Pana majina ambayo mzazi hakuyatoa, nayo ndiyo yanayonichukua usiku mwingi zaidi. Karne ya 19 mashamba ya minazi ya kisiwa hiki yalilimwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Mwenye mali alimpa mtu aliyemnunua jina la kito au la heri: Feruzi, Almasi, Marijani, Mabruki, Baraka, Faraji. Mazuri sana kuyasikia! Kila ninapoyaandika nakumbuka kwamba uzuri wake ulikuwa wa mnunuzi, aliyejitakia baraka mwenyewe kila anapomwita mtu aende shambani. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, na watu wengi wa pwani waliotoka humo waliwapa watoto wao majina waliyokuwa wakiitwa mabwana. Basi babu Feruzi na mjukuu Abdallah ni historia nzima ya nyumba, wala simlazimu msimulizi aieleze. Ninapoandika shamba la enzi zile, mtu wangu huwa na majina mawili: la mnyapara, na lile la Kiyao au la Kingindo analoitwa jioni na mwenzake waliyefika naye. Shafi Adam Shafi aliliona jambo hili katika Kasri ya Mwinyi Fuad, pale alipomwita mtumishi mzee wa kasri Kijakazi. Msomaji wa pwani hawezi kusema kwa hakika kama hilo ni jina la mapenzi ya mama au ni daraja aliyowekwa, na katika shaka hiyo mwandishi amesema mengi.

Kisha kuna kisa ambacho kila mtoto wa Mafia amekisikia. Watu wa mji wa Kisimani walipomaliza kuunda jahazi waliwaalika watu wa mji wa Kua, wakawakamata watoto wao, wakawalaza mchangani na kuliteremsha jahazi juu yao. Kua wakanyamaza miaka. Halafu wakaalika harusi. Wageni wa Kisimani wakakaribishwa katika chumba cha chini, na mzee mmoja wa Kua akabaki nao, akiwapumbaza kwa maneno matamu huku mlango ukijengwa kwa mawe. Akafa pamoja nao. Magofu ya Kua yapo Juani mpaka leo; Kisimani sehemu yake kubwa imeliwa na bahari. Katika kisa kama nilivyokipokea, miji ina majina, mzee hana.

Nilipotaka kumwandika, jina la haraka lilikuwa Subira. Lingewapendeza watunga mitihani. Nikajiuliza kwanza alizaliwa lini. Alizaliwa miaka mingi kabla ya jahazi lile, Kua ikiwa na amani, wazazi wake wakiwa na furaha ya kawaida ya wazazi. Nikamwita Idi, kwa kuwa alikuja siku ya sikukuu. Halafu nikakumbuka kwamba mtu wa pwani akifika uzeeni huwa ana wajina wake, mjukuu aliyepewa jina la babu. Mjukuu huyo, Idi mdogo, nikamlaza mchangani Kisimani. Tangu hapo mzee sikumtungia hotuba wala kiapo. Ndani ya chumba kile mgeni mmoja anamuuliza, “Babu, jina lako nani?” Naye anajibu.

Jina la mama nalo lina kazi yake. Mtu mzima hapa haitwi jina lake. Ni Mama Asha, Baba Juma, na mwanamke anaweza kupita riwaya nzima bila jina alilozaliwa nalo kutajwa. Lakini mwalimu wa falaki akiitafuta nyota ya mgonjwa huuliza jina lake na la mama yake, akahesabu herufi zake. Na maiti akishawekwa kaburini, anayesoma talkini humwita kwa jina la mama, si la baba. Kwa hiyo kila mhusika wangu ana jina la mama katika daftari, hata kama halitaingia kitabuni. Pengine nyota na jina havipatani, mtoto anaugua na kulia usiku, akabadilishwa jina. Mhusika aliyebadilishwa jina akiwa mchanga, mwenye bibi anayeendelea kumwita lile la zamani, tayari ana hadithi.

Sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya 60,000, na sehemu kubwa yetu tunagawana majina yale yale. Ukiandika Bakari wa Jibondo aliyeiba nyavu, watajitokeza akina Bakari kadhaa kuuliza. Pat Caplan, mwanaanthropolojia aliyekaa kaskazini mwa kisiwa tangu miaka ya 1960, alikiita kijiji alichokiandikia Minazini, ingawa hakuna kijiji chenye jina hilo. Naona alifanya uungwana. Mimi huchanganya jina, baba na kijiji mpaka wasikutane na mtu aliye hai, na mwizi humpa jina la kawaida kabisa, ili lawama isiangukie nyumba moja.

Sasa naandika juu ya msichana aliyezaliwa Kilindoni mwaka 2012. Wenzake darasani ni Nasra, Ikram, Rayyan, majina ambayo wazazi wao waliyapata redioni, kwa ustadhi au kwenye simu. Nilitaka aitwe Mwanamvua, na katika miaka hiyo jina hilo haliji bure. Lazima pawepo mwenye nalo wa kumrithisha. Nimemweka msichana kando. Miezi hii naandika juu ya bibi yake, na mvua iliyonyesha Bweni usiku aliozaliwa.