Samaki wa Makombe na Majina Yao

Jirani zetu wa Al-Hindawiyah, hapa Jeddah, hutuuliza kwa nini hatumpi kila mwombaji vifaranga vya samaki wetu wa Ziwa Tanganyika. Sababu ni jina. Wako wawili wafananao mno, wote wakaao ndani ya makombe matupu ya konokono: Neolamprologus multifasciatus, aliyeelezwa na Boulenger mwaka 1906, na Neolamprologus similis, aliyeelezwa na Büscher mwaka 1992. Tazameni kichwa cha samaki mzima. Kwa similis milia hupanda hadi karibu na jicho; kwa mwenziwe hukomea nyuma ya shavu.

Hao ni jamaa wa karibu. Wakitiwa tangi moja yahofiwa watachanganya uzao, na huku ugenini hatuna ziwa la kurudi kuchota wengine. Tena tunawaambia wajukuu zetu, waliozaliwa hapa, kwamba samaki huyu ni wa kwetu. Basi na awe ndiye kweli.

Kuwazalisha si kazi kubwa. Watakeni mchanga laini wa kuchimba, na makombe mengi kuliko samaki. Maji ya hapa ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi, nao wapenda maji magumu, kwa hiyo sisi hutia matumbawe yaliyosagwa katika chujio. Jike hutaga ndani ya kombe. Watoto hawafukuzwi mama azaapo tena. Hukaa vizazi kadhaa mtaa mmoja.

Mwenye kuwataka na alete ndoo, atueleze kwanza anafuga nini nyumbani.