Swichi Ndogo Ubavuni mwa Redio

Ndugu msomaji, nakusimulia kosa langu ili lisiwe lako.

Tangu Radio Kwizera ianze hapa Ngara mwaka 1995, nyumbani kwetu habari za vifo huzipata redioni. Mwaka jana nilikwenda Biharamulo kumwuguza shangazi. Redio yangu ndogo niliitia ndani ya mfuko, chini ya ndizi. Njiani mzigo ukabonyeza kitufe cha kuwashia, na sauti ikamezwa na kelele za basi. Nilipofika, betri zimekwisha, na kijijini kule simu haishiki. Jirani yangu akafa. Nilipopata habari, amekwisha zikwa.

Baadaye kijana mmoja akanionyesha swichi ubavuni mwa redio ile, yenye alama ya kufuli. Ukiisukuma, vitufe vyote hulala. Hata vikibonyezwa, redio haiwaki. Lakini usisahau kuifungua, maana utadhani redio imekufa, ukaipeleka kwa fundi bure.

Si kila redio inayo. Basi itazame yako kabla ya safari. Ikiwa haina, toa betri moja, uitie mfukoni mwako.