Mng'aro Uliolipiwa

Nilianza kushika grenda nikiwa kijana wa Changamwe, katika karakana ya matangi ya stenlesi: ya maziwa, ya maji moto, ya sharubati. Enzi hizo sifa ya fundi ilikuwa mng'aro. Mchomeleaji akimaliza, sisi vijana tulikabidhiwa mshono tuusage mpaka upotee, kisha mzee aliyetusimamia akapitisha kiganja juu yake huku amefumba macho. Kiganja kikikwama, unarudia. Mteja naye alinunua kwa macho; tangi liking'aa, bei haikuwa na mzozo.

Basi tulikandamiza. Ukiilemea grenda, stenlesi hugeuka rangi ya majani makavu, ikaja zambarau, ikaja buluu. Unapitisha diski laini, rangi inafutika, na kazi inahesabiwa imekwisha.

Baadaye nilihamia upande wa ukaguzi, na kazi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya kiwanda kimoja cha vyakula kando ya bahari. Tangi lao la maji moto, nyuzi 80 hivi muda wote, lilikuwa likivuja. Tulivua bati la nje na sufi ya kuzuia joto, tukakuta sufi imelowa chepechepe. Mvua ilipenya kwenye maungio ya bati, na mvua ya pwani haiji bila chumvi. Maji yakigusa chuma cha moto yanakauka, chumvi inabaki, mvua nyingine inaongezea juu yake.

Kutu ya kutisha haikuwapo, madoa ya rangi ya chai tu. Nikasafisha, nikapulizia ile dawa nyekundu ya kupenya, nikasubiri robo saa, nikafuta, nikapulizia unga mweupe. Kwanza palikuwa peupe kabisa. Kisha mistari myekundu, miembamba kuliko uzi, ikaanza kujichora kando ya mshono, pale pale palipopitiwa na grenda, na karibu yote iliikata mikwaruzo ya diski kwa pembemraba. Mtu angesema ni kuchomelea, na ni kweli kuchomelea nako huacha mkazo ndani ya chuma. Lakini mshono wa nyuma, ambao hakuna aliyejisumbua kuusaga kwa kuwa unaelekea ukutani, ulikuwa mzima. Uvivu wa fundi fulani ulikuwa umeokoa nusu ya tangi.

Nyufa za namna hii zinataka mambo matatu yakutane: chuma chenye udhaifu huo, kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi, na mkazo wa mvuto. Stenlesi ya kawaida, ile 304 yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, ina udhaifu huo. Kloridi bahari inatupa bure. Mvuto ndio tuliouleta sisi. Diski inapopita, ngozi ya chuma hupata moto na kutaka kutanuka, lakini chuma baridi kilicho chini yake kinaizuia, nayo inabonyea. Ikipoa inajikunja, na sasa haina pa kurudi. Inabaki imewambwa kama ngozi ya ngoma. Tabaka hilo ni jembamba, unene wake ni kama wa unywele tu, ila mkazo wake unaweza kupita megapaskali 200 na kitu ambazo 304 huanza kurefuka bila kurudi. Mvuto unafuata mwendo wa diski, ndiyo maana ufa unaukata kwa kukingama.

Chuoni mwalimu wetu wa ukaguzi alikuwa ametuonyesha jambo hilo kwa vipande viwili, kimoja kimesagwa, kingine kimetulizwa tanurini. Alivichemsha katika magnesi kloridi, nyuzi 155, bila kuvifunga wala kuvipinda. Kilichosagwa kilipasuka peke yake. Alitutajia pia bwawa la kuogelea la Uster, Uswisi, ambako mwaka 1985 dari la zege liliporomoka na kuua watu 12. Vyuma vilivyolishikilia vilikuwa stenlesi, na vilipasuliwa na kloridi ya hewa ya bwawa. Huko hapakuwa na suala la grenda, bali mvuto ulitoka kwenye uzito wa dari lenyewe.

Meneja wa kiwanda alitaka tuzibe kwa kuchomelea. Nilikataa, maana nyufa hizi hutoa matawi ndani kwa ndani, na moto wa kuchomelea huzisukuma mbele. Tulikata kipande chote kilichoguswa tukaweka bati jipya. Mshono tuliupunguza kwa mkono mwepesi, msasa laini mwisho, kisha tukaupaka ile asidi nzito ya kusafishia stenlesi, yenye kulamba ngozi ya juu na rangi za moto, glavu mpaka viwikoni na maji tele ya kusuuzia.

Ukatoka wa kijivu, umefifia. Meneja akauzunguka.

"Fundi, mbona haung'ai?"

"Bosi, unakwenda kufunikwa na sufi na bati. Nani atauona?"

Akafikiri kidogo, akaomba nimpunguzie bei.