Seva Haikuguswa, Simu Zikakataa

Wacha niwasimulie kisa cha Machi 2024 ambacho bado kinanikera, kwa sababu kosa kubwa ndani yake halikuwa la mashine. Lilikuwa langu.

Nina mteja mmoja, chama cha akiba na mikopo. Wanachama huingia kwenye tovuti niliyowatengenezea, wakaangalia akiba zao na kuomba mkopo. Asubuhi moja katibu akanipigia: "Mwanangu, wazee wanasema tovuti imeingiliwa na wezi. Simu zinawaonyesha onyo jekundu."

Nikaifungua kwenye tarakilishi yangu, ikafunguka. Nikajaribu kwa simu yangu, sawa. Nikamjibu, "Hakuna wezi, mama. Hizo ni simu za zamani tu. Waambie wabonyeze pale pa maelezo zaidi, halafu waendelee." Nikarudi kwenye chai yangu.

Siku mbili baadaye malalamiko yalikuwa hayakomi, ndipo nikaketi kuchunguza. Kwanza nilishuku TLS. Vivinjari vikubwa vilianza kuachana na TLS 1.0 na 1.1 mwaka 2020, nami kwenye Nginx nilikuwa nimeruhusu 1.2 na 1.3 pekee. Nikaamua kwamba simu hizo hazijui 1.2. Nusu siku ikaniishia nikibadilisha orodha ya mbinu za usimbaji, na nusura nifungue tena TLS 1.0, jambo la aibu kwa mtu mwenye digrii ya kompyuta. Kumbe Android inatumia 1.2 bila kuambiwa tangu toleo la 5.0.

Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye onyo lenyewe, ila sikuwa nimeuliza linasemaje! Nilimwomba katibu anitumie picha ya skrini: NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID. Kama shida ingekuwa itifaki, Chrome ingeandika ERR_SSL_VERSION_OR_CIPHER_MISMATCH, yaani seva na kivinjari wameshindwa kupata lugha moja. Hapa walikuwa wamesalimiana vizuri, cheti kikatolewa, lakini simu haimjui aliyekidhamini.

Sasa, nani anamjua nani? Cheti cha tovuti hutiwa sahihi na cheti cha kati, na hicho hutiwa sahihi na cheti cha mzizi. Kivinjari au simu ina orodha yake ya mizizi inayoaminika. Kabla ya Android 14, orodha ya simu ilibadilika tu mtengenezaji alipoleta toleo jipya la mfumo, na simu za bei ya chini huwa haziletewi. Orodha inabaki ilivyokuwa siku ya kununuliwa.

Nikaandika hivi kwenye tarakilishi:

openssl s_client -connect tovuti:443 -servername tovuti -showcerts

Zamani seva ilikuwa ikitoa vyeti vitatu. Sasa ikatoa viwili. Nami sikuwa nimegusa kitu! Nikatazama tarehe ya cheti: certbot ilikuwa imekifanya upya yenyewe, siku ileile simu za katibu zilipoanza.

Vyeti vyetu vinatoka Let's Encrypt. Mzizi wao, ISRG Root X1, uliingia Android kuanzia 7.1.1. Ili simu za nyuma zisikwame, waliazima udhamini wa mzizi wa zamani, DST Root CA X3 wa IdenTrust. Mzizi huo uliisha muda wake tarehe 30 Septemba 2021, lakini Android haiangalii tarehe ya mzizi uliomo kwenye orodha yake, kwa hiyo ujanja uliendelea kufanya kazi. Ni kama babu aliyefariki ambaye bado anatambulisha wajukuu kijijini. Tarehe 8 Februari 2024 Let's Encrypt wakaacha kutoa mnyororo huo mrefu kwa kawaida. Walitangaza mapema, mimi sikusoma. Cheti chetu cha Januari kiliutumia, cha Machi hakikuutumia.

Kwa muda nikaiambia certbot ichague mnyororo wa zamani kwa --preferred-chain, lakini hilo nalo lilikuwa na mwisho: Juni 2024 waliacha kuutoa kabisa, na tarehe 30 Septemba udhamini wenyewe ukaisha. Kabla ya Juni nikanunua cheti kwa mtoaji ambaye mzizi wake umo kwenye Android za zamani. Wengine niliwawekea Firefox, kwa kuwa inabeba orodha yake yenyewe ya mizizi.

Nikanunua pia simu ya mitumba yenye Android 5.1 ya kujaribia. Betri ikiisha kabisa tarehe yake inarudi 2015, na onyo linageuka kuwa ERR_CERT_DATE_INVALID. Dawa ya hilo ni kurekebisha saa, usije ukahangaika na seva.

Lakini turudi kwa yale maneno yangu kwa katibu. Ukibonyeza kuendelea, usimbaji upo, ndiyo, ila hujui unasimba na nani. Mtu mwenye WiFi ya bure mjini angeweza kuweka cheti chake mwenyewe, na wazee wangeona onyo lilelile nililowaambia walipuuze, kisha waandike neno siri. Laiti ningekuwa nimeweka HSTS, Chrome isingewapa hata nafasi ya kubonyeza. Nikaiweka jioni hiyo.

Katibu aliwatumia wanachama ujumbe kwamba wasibonyeze tena. Wiki iliyofuata mzee mmoja akanipigia: "Kijana wangu, benki yangu nayo ikileta lile jekundu, si nabonyeza tu kama ulivyotufundisha?"

Nikamwambia hapana, mzee, nilikosea. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa ile mara ya kwanza ulikuwa umejuaje kwamba si wezi?"