Uchungu Uliovuka Bahari

Nilipofika Burton upon Trent, mji wa Uingereza ulio kando ya mto Trent, mwenyeji wangu aliniagizia bia ya huko yenye nguvu ya asilimia 7. Ilinukia ganda la chungwa. Nilipoionja, uchungu ulinikunja uso.

"Usiihukumu kwa funda la kwanza," akasema. Funda la pili lilileta utamu wa kimea. La tatu likanituliza.

Uchungu huo hutokana na maua ya hopi, mmea utambaao. Nayo maji ya visima vya Burton, yenye madini ya jasi, huufanya uwe mkali na safi ulimini. Tena maua hayo huikinga bia isichache. Ndiyo sababu katika karne ya 19 bia ya Burton iliweza kusafiri kwa merikebu miezi kadhaa hadi India.

Nikaikumbuka urwarwa, pombe ya ndizi ya kwetu Burundi. Ni tamu, lakini huchacha baada ya siku chache. Kibuyu cha mwisho alichoniwekea marehemu baba kilichacha kabla sijapata likizo.

Bilauri ile moja niliinywa polepole hadi mwisho, nikimkumbuka.