Gemu ambamo hakuna anayekukimbiza

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Kigali wanapenda mpira wa kwenye simu na gemu za kupiga risasi. Lakini siku ya Jumamosi, laptopu moja, watu tisa, gemu inayotukalisha kimya ni ya kutembea tu.

Inaitwa Gone Home, ilitoka Marekani mwaka 2013. Msichana Katie anarudi kutoka Ulaya usiku wa mvua, mwezi wa 6, mwaka 1995, anakuta nyumba yao haina mtu. Mlangoni kuna karatasi ya mdogo wake. Basi. Unaingia chumba kwa chumba, unawasha taa, unafungua droo, unasoma barua. Barua ni za Kiingereza, kwa hiyo mmoja anasoma na mwingine anatusemea kwa Kiswahili. Hakuna adui, hakuna pointi, hakuna kufa. Saa mbili hivi imeisha.

Wapenzi wengi wa gemu waliziona hizi kama upuuzi. Hata kwetu kijana mmoja aliuliza: "Yaya, sasa hapa tunashinda nini?" Hatushindi kitu. Tunajua tu walioishi mule walikuwa watu gani, kwa vitu walivyoviacha.

Lual Mayen, wa Sudan Kusini, aliyekulia kambini Uganda, alitengeneza gemu inaitwa Salaam. Mama yake alijinyima miaka mitatu mpaka akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Salaam ni ya kukimbia: mkimbizi anakwepa hatari, akikosa maji na chakula nguvu zinaisha. Naiheshimu sana. Inamwonyesha mtu wa nje tulivyokimbia. Lakini sisi kukimbia tunakujua. Tusichokijua ni kurudi polepole.

Mimi nilikulia Gihembe, kule Gicumbi. Kambi ilifunguliwa 1997, ikafungwa 2021 kwa sababu kilima kilikuwa kinaliwa na mmomonyoko, na watu wengi wakahamishiwa Mahama. Nikitaka kurudi leo, nirudi wapi? Ndiyo maana tulianza zoezi letu. Kila mmoja anachora nyumba aliyoishi, kambini au Masisi, popote. Mwenzake anatembeza kidole kwenye karatasi na kuuliza, "Hapa kuna nini?" Unajibu kitu tu: kidumu cha njano, redio ya babu, mkeka. Ukitaka kusema zaidi, unasema.

Yule kijana wa "tunashinda nini" alichora vyumba vitatu. Kimoja akakichora mlango umefungwa. Wenzake walipita na vidole vyao, hakuna aliyeuliza.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa ndipo nataka mnisikie. Kwenye mahojiano tunaulizwa ilikuwa tarehe ngapi, nani alikufa, mlipita wapi, tena kwa mpangilio. Najua faili inadai hivyo. Ila mtoto aliyehojiwa mara tano anajifunza kwamba hadithi yake ni ya kujitetea. Kwenye gemu ya kutembea, anayetembea ndiye anachagua droo ya kufungua na ya kuacha.

Laptopu si lazima. Karatasi, kalamu na saa moja isiyo na haraka vinatosha. Mjaribu, halafu mtuandikie hapa mlivyoona.