Kopo la Mayai ya Uduvi

Leo nawasimulia kutoka Scarborough ugomvi wa kifamilia ulioletwa na kopo moja dogo.

Mdogo wangu anafuga kambare karibu na Gilgil. Vifaranga vya kambare huhitaji chakula hai, naye alisikia kwamba huku yanauzwa mayai makavu ya uduvi wa chumvi. Ni kweli. Nilinunua kopo katika duka la samaki wa mapambo. Mayai yenyewe ni kama ugoro, na yanaweza kukaa makavu miaka mingi bila kufa. Nilitia kijiko kimoja katika chupa ya maji ya chumvi, nikaiweka karibu na taa kwa sababu ya baridi ya Februari, na baada ya siku mbili chupa nzima ilikuwa ikichezacheza. Watoto walishangilia.

Nilipompigia simu akasema: "Kaka, yatakayobaki nitayamwaga Elementaita. Tangu maziwa yafurike, heroe wamepungua. Nao wapate chakula."

Nia yake ilikuwa njema, lakini usiku ule sikulala vizuri. Heroe wadogo, ambao ndio wengi katika maziwa yetu ya Bonde la Ufa, hawategemei uduvi. Wanakula spirulina, mwani mdogo mno unaoyapa maji ya magadi rangi ya kijani, na midomo yao imeumbwa kuuchuja. Maziwa yalipoanza kufurika miaka ya 2010, magadi yalizimuliwa na mwani ukapungua. Uduvi nao hula mwani. Tungekuwa tunamletea heroe mshindani, si chakula, tena katika ziwa lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Huko California liko Ziwa Mono, nalo lina magadi, lina na uduvi wake wa asili. Kila kiangazi uduvi hao hula mwani mpaka maji ya kijani yakawa maangavu. Pale wako kwao, na mamia ya maelfu ya ndege huwategemea. Jiji la Los Angeles lilipoanza kuchepua vijito vya ziwa hilo mwaka 1941, maji yalishuka na chumvi ikazidi maradufu. Watu walipigana mahakamani, hadi mwaka 1994 jimbo likaamuru ziwa lirudishiwe maji. Lakini uduvi wa Marekani walipofika Ureno na Hispania, waliwasukuma nje wenyeji katika mashamba ya chumvi.

Sisi tunaijua hadithi hiyo. Tuliona sangara alivyowafanya furu wa Ziwa Victoria. Hata hapa, Ziwa Ontario lina kome wenye milia waliokuja na meli kutoka Ulaya miaka ya 1980, na mpaka leo hakuna aliyeweza kuwaondoa.

Nikamwambia silileti kopo. Akawaka: "Mmeshakuwa wazungu! Ziwa ni letu sisi tunaoliona kila siku."

Neno lile liliniuma, kwa kuwa lina ukweli. Mimi mwenyewe ni mgeni nchi za watu, na leo namfungia mgeni mwingine mlango. Lakini mgeni binadamu huketi naye mkazungumza, mkaelewana. Uduvi akishataga ziwani, hakuna wa kumwambia arudi.

Wiki tatu hatukusemezana. Kisha nikasoma kwamba viroboto wa maji, wale wadogo wa madimbwi ya maji baridi, hufaa pia kwa vifaranga vya kambare, na hufugwa kwa samadi ya kuku. Hao wako kwetu tayari. Nikamtumia maelezo na pesa kidogo za ndoo na nyavu. Juzi alipiga simu: ndoo ya kwanza imejaa. Habari ya ziwa hakuitaja, nami sikuiuliza.

Kopo limebaki kwa watoto. Tukimaliza kuwatazama uduvi, maji tunayachemsha kwanza ndipo tuyamwage. Nanyi mnaofunga mizigo ya kwenda nyumbani Desemba, zawadi pelekeni, ila angalieni kama zawadi yenyewe ina uhai.